Simbamarara Anatazama Mlango

Kiti cha Baoluan kilikuwa kimebanwa. Nyuma yake ukuta, kulia nguzo ya jiwe, kushoto kabati la droo sitini zenye karatasi za mashairi, na mbele meza. Mtu akishaketi upande wa pili wa meza kusomewa kura yake, shairi la kijiti alichochomoa hekaluni, Baoluan hakuwa na pa kupita mpaka mtu huyo ainuke. Watu wa kijiji cha Houlin hawakuliona hilo. Walikuja na shida zao, wakakaa, wakazieleza kuanzia kwa babu, na yeye akawasikiliza huku mkojo umembana. Wazee wa kike walimsifu kwamba msomaji wao ana subira. Subira gani. Hakuwa na njia.

Alikuwa na miaka arobaini na moja, na shingoni bado alivaa uzi mwekundu wenye sarafu ya shaba yenye tundu. Ni uzi wa watoto. Mtoto akiwa mgonjwamgonjwa, au akiponea chupuchupu, mzazi humpeleka hekaluni akamkabidhi kwa Bwana Mtunza-Uhai awe mwanawe wa kupanga. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Bwana, uzi hupitishwa juu ya moshi wa chetezo, wa zamani ukatoka na mpya ukafungwa. Akitimiza miaka kumi na sita mtoto anapita chini ya meza, anavuliwa uzi, anatokea upande wa pili akiwa mtu mzima. Ndivyo ilivyo kwa wote. Baoluan peke yake ndiye aliyebaki na wake, miaka ishirini na mitano kupita kiasi, hata watoto wadogo wakadhani ni pambo la kazi yake.

Alifika hekaluni akiwa na miaka minane, mgongoni kwa baba yake, mfupa wa samaki umemkwama na koo limevimba mpaka mate hayapiti. Msomaji wa wakati huo, Baba Mkubwa Ke, alimlaza kwenye sakafu ya hekalu, akambana kichwa kati ya magoti yake, akaingiza vidole viwili na koleo la mwanzi. Mfupa ukatoka na damu. Baba yake alikuwa mchimba chumvi mwenye watoto sita. Akaangalia mikono yake mitupu, akasema, "Mfupa umeutoa wewe, Kaka Ke. Mtoto ni wa Bwana, na ni wako. Atakufagilia."

Sasa Bwana Mtunza-Uhai mwenyewe, alipokuwa bado binadamu na tabibu, ndiye aliyemtoa simbamarara mfupa kooni. Kila mtu anaijua hadithi hiyo kabla hajajua kuhesabu. Mnyama alipopona hakurudi mlimani, alibaki na tabibu, na mpaka leo yupo, wa mbao, chini ya madhabahu, miguuni pa Bwana. Basi watu wakaona yule mtoto wa koo na ufagio wake, wakacheka: huyu ndiye simbamarara wetu. Mzaha wa siku moja. Ila mzaha mwingine ukikaa sana mahali huota mizizi.

Alipotimiza miaka kumi na sita aliulizwa Bwana kama amwachie. Baba Mkubwa Ke alirusha vibao viwili vya kumwulizia Bwana, vyenye umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja na mgongo upande wa pili. Kimoja kikilala bapa na kingine mgongo, Bwana amekubali. Vyote vikionyesha mgongo, amekataa. Siku hiyo vyote vilionyesha upande bapa, vikatikisika sakafuni kama mabega ya mtu anayejizuia kucheka. Hiyo huitwa Bwana anacheka. Akarusha tena, Bwana akacheka. Mara ya tatu, akacheka. Baba Mkubwa Ke aliinama akaviokota polepole, akasema, "Hataki kukuachia." Na jambo lililoulizwa mara tatu haliulizwi tena. Uzi ukafungwa.

Mwaka huu, mwezi wa tatu ulipoandama, mtoto wa dukani alikuja mbio. "Shangazi, simu kutoka mjini Zhangzhou."

Mbele ya Baoluan alikuwa amekaa bibi mmoja anayetaka kujua kama bata wake wameibwa au wamepotea. Mpaka bata walipopatikana kwenye shairi, simu ilikuwa imekatika na kupigwa upya mara mbili.

"Umekula?" mdogo wake Yuzhi aliuliza.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula. Sikiliza, jiko la pili limefika. Nimelifunika gunia. Kuna mwanamke wa Pinghe anakuja kila siku kulichungulia kama paka na kitoweo. Nimemwambia lina mwenyewe. Unakuja au huji?"

"Nitaona."

"Tangu Mwaka Mpya unaona. Macho hayachoki?" Nyuma ya sauti yake mafuta yalikuwa yanachacharika, chaza na mayai yakikaangwa. "Nakungoja mpaka siku ya Bwana, tarehe kumi na tano. Kumi na sita asubuhi gunia namwondolea yule wa Pinghe. Mimi nina mikono miwili, dada, na wateja wana midomo mia."

"Yuzhi, unajua siwezi. Vibao vilikataa."

"Vilikataa." Mafuta yakachacharika kidogo. "Mimi nilikuwa na miaka kumi siku ile, nimesimama karibu na ngoma. Vilicheka."

"Kucheka ni kukataa."

"Nani kasema?"

Baoluan alimwambia kuna foleni ya watu wanaongoja simu. Nyuma yake hakukuwa na mtu, ila kuku wa mwenye duka.

Siku ya nane ya mwezi, asubuhi, akaja Mama Qiaoyun na bintiye. Mama Qiaoyun alikuwa na sauti ya watu wanaobangua chaza, iliyozoea kupigana na kelele za makombe, na hata hekaluni hakujua kuipunguza. Alikaa, akamkalisha binti pembeni, akaweka karatasi mezani. Binti alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, vidole vyote vina michubuko ya makombe.

"Dada Baoluan, nisomee, na huyu asikie kwa masikio yake. Unajua Mzee Lai alivyomtoa huyu kwenye tope."

Nani asijue. Qiaoyun akiwa na miaka saba maji yalimkuta kwenye tope la ufukweni akiokota chaza, na Lai aliingia mpaka kifuani akamtoa, akapoteza kiatu na kidole kimoja cha mguu.

"Sasa mwanawe anataka kuoa. Kijana hana kilema, hana ulevi, hana mama. Mkwe gani mwingine mtu anamtaka? Na huyu bibie anasema anakwenda Jinjiang kushona viatu. Nimemwambia, twende kwa Bwana. Kachomoa kijiti mwenyewe, kwa mkono wake, nambari ishirini na saba, na vibao vikakubali."

Baoluan alilijua shairi la ishirini na saba bila kuangalia, lakini alilisoma, kwa kuwa watu wanapenda kusomewa:

"Mfupa umetoka, koo limepona,
simbamarara amelala miguuni pa Bwana;
upepo wa mlima unavuma nje,
macho yake yako mlangoni."

Nyuma ya pazia, chumbani mwake, Baba Mkubwa Ke alikuwa anasikiliza opera redioni. Macho yake yalikuwa yamebaki kuona mwanga na kivuli, masikio yakabaki mazima. Na juu ya meza, mkono wa kushoto wa Baoluan, kilikuwepo kitabu cha mzee huyo, maelezo ya kura zote sitini kwa hati yake mwenyewe, kurasa zimekuwa laini kama kitambaa.

Baoluan alisoma kama kilivyoandikwa. "Simbamarara ni mtu aliyefadhiliwa. Kulala miguuni ni shukrani. Upepo wa mlima ni tamaa ya kwenda mbali. Macho mlangoni ni ulinzi: abaki, ailinde nyumba iliyomponya."

"Umesikia," alisema Mama Qiaoyun. "Bwana hata sikumwambia mambo ya Jinjiang, nayo yamo kwenye upepo. Umesikia?"

Qiaoyun alikuwa anaangalia karatasi. "Shangazi, simbamarara aliulizwa?"

"Aliulizwa nini?"

"Kama anataka kulala pale."

"Mdomo wa mtoto huyu," mama akasema, "laiti ungekuwa unabangua chaza."

Binti akainua macho, yakatua kwenye shingo ya Baoluan, kwenye uzi na sarafu. Hakuwa na kiburi. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Na wewe, Shangazi? Uliulizwa?"

Redio nyuma ya pazia ilipunguzwa sauti.

"Aliulizwa Bwana," alisema Baoluan.

"Ahaa," Qiaoyun akasema, akainuka. Mama yake naye akainuka, akitoa shukrani kwa sauti ya kujaza ua. Njia ya meza ikawa wazi. Baoluan hakuondoka kitini, ingawa tangu alfajiri hakuwa ameinuka. Alikaa anaangalia kiti kitupu mpaka redio ikaongezwa sauti tena.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kumpangusa simbamarara. Alipiga magoti akaingiza kichwa chini ya madhabahu, kitambaa mkononi, na yai bichi la kumpa. Kazi hiyo aliifanya tangu ana miaka minane. Alipangusa masikio, mgongo, mkia uliojikunja, kisha akapinda ncha ya kitambaa akaipitisha chini ya unyayo wa mguu wa mbele wa kulia, palipo na nafasi.

Akasimamisha mkono.

Pana nafasi kwa kuwa unyayo haugusi chini. Umeinuliwa upana wa kidole. Miaka thelathini na mitatu anapitisha ncha ya kitambaa pale na hakuwahi kuwaza kwa nini. Mkono ulijua, kichwa hakikuwahi kuuliza mkono. Basi alijilaza kifudifudi sakafuni, shavu kando ya shavu la mbao, akatazama anakotazama mnyama.

Watu wote waliomo hekaluni humtazama Bwana. Simbamarara peke yake anatazama nje. Kitabu kilisema ni ulinzi. Lakini mbwa wa mwenye duka akilinda, masikio yake hulala nyuma na miguu yote minne hukita chini. Huyu masikio yalikuwa mbele. Na mbele yake, kati ya miguu ya meza, zilionekana ngazi, barabara, na basi la buluu la Zhangzhou likipakia vikapu.

Akatoka chini ya madhabahu, magoti yana vumbi, akarudi nyuma mpaka kwenye ngoma, akamtazama Bwana kama mgeni anavyomtazama. Farasi wa jemadari aliyechorwa ukutani alikuwa na hatamu. Kulungu wa mzee wa maisha marefu alikuwa na kamba. Simbamarara hakuwa na hatamu, kamba wala tandiko. Na mkono wa kushoto wa Bwana ulikuwa wazi, kiganja juu. Kitabu kilisema: kiganja kilicho wazi kinapokea shukrani. Baoluan alikitazama muda mrefu. Ukikiangalia kutoka mezani pake, kiganja kinapokea. Ukikiangalia kutoka mlangoni, kimeachia.

Akajishika shingoni. Baada ya siku sita atabadilisha uzi. Baba Mkubwa Ke alikuwa haoni tena kufunga fundo, miaka sita sasa. Aliyekuwa anafunga ni nani? Alisimama pale na vidole juu ya fundo, na jibu halikumfurahisha.

Uani kwa Mama Qiaoyun wanawake wanne walikuwa wamezunguka rundo la chaza, kila mmoja na kisu chake kifupi. Baoluan hakuwa na desturi ya kutembelea watu, kwa hiyo alipoingia visu vilipunguza mwendo.

"Umekula, dada?" Mama Qiaoyun akamsukumia kigoda.

"Nimekula. Sikai. Nimekuja kusema jana nilisoma vibaya."

Visu vikasimama.

"Vibaya vipi? Kijiti si kile kile?"

"Kijiti ni kile kile. Aliyekosea ni mimi."

Jirani mmoja mzee, asiye na meno ya mbele, akasema, "Mwaka juzi ulinikataza kuuza nguruwe wangu. Akafa. Na yule ulimsoma vibaya?"

"Bibi, yule alikula sumu ya panya."

"Nauliza tu. Leo ndiyo siku ya kuuliza."

Wakacheka, Mama Qiaoyun hakucheka. "Sema basi. Kura inasemaje leo?"

Baoluan hakuwa amezoea kusoma akiwa amesimama, bila meza wala ukuta. Mikono ilikosa pa kukaa. "Bwana alitoa mfupa ili mnyama ameze. Hakuutoa ili apate kipando. Hakumfunga. Mnyama alilala miguuni pale siku moja, siku mbili, akapata nguvu, na sasa ameinua mguu. Anatazama mlango kwa kuwa uko wazi. Shukrani anaweza kuwa nayo hata akiwa mlimani."

Chaza mmoja aliteleza juu ya rundo akaanguka.

"Kwa hiyo nimwambie Lai nini?" Mama Qiaoyun aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka kwa mara ya kwanza. "Nimwambie simbamarara amepanda basi, amekwenda Jinjiang kushona viatu?"

"Mwambie nilichosema."

"Dada Baoluan, msomaji akisoma leo hivi na kesho vile, nani atakaa mbele yake? Unayajua maneno haya yanakokwenda?"

"Nayajua."

Qiaoyun alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Kisu chake ndicho kilichoanza tena, kabla ya vingine, kwa haraka.

Maneno yalikwenda kweli. Yalipita kwa mwenye duka, yakapanda kwa mwenyekiti wa kamati ya hekalu, Bwana Xiao, yakarudi na miguu zaidi. Siku ya kumi hakuja mtu kusomewa. Siku ya kumi na moja walikuja wawili, wakamwona yeye, wakaomba ubani wakaondoka. Bwana Xiao alikuja na pakiti ya majani ya chai mkononi, ishara kwamba habari si nzuri. Akakaa kwenye kile kiti cha mbele, akambana bila kujua.

"Sisemi umefanya ubaya, Shangazi," alisema. "Nasema watu wameogopa. Kuna msomaji wa kijiji cha pili, kijana, ana miwani. Tutamweka kwa sasa. Wewe utabaki na kufagia."

"Kufagia."

"Si ndivyo ulivyoanza?" Alisema kwa wema kabisa.

Mama Qiaoyun, asiyekubali jambo mpaka alisikie mara tatu, alikwenda nyuma ya pazia kwa Baba Mkubwa Ke kutaka neno la mwisho. Baoluan alikuwa anamenya viazi vitamu vya uji, akasikia kila kitu.

"Kaka Ke, kitabu kinasemaje?"

Mzee alizima redio. "Kitabu nilikiandika mimi," alisema. "Bwana hakuandika hata mstari."

Mama Qiaoyun akatoka anasonya, akipita karibu na Baoluan bila kuaga. Lakini alipofika ngazini alisimama, akageuka, akamwangalia simbamarara kwa umbali, kichwa upande, kama anavyoangalia chaza kabla hajaamua kisu kiingilie wapi.

Baoluan aliingia na bakuli la uji na figili za chumvi. Alimshika mzee mkono akauongoza kwenye kijiko.

"Siku ile vilicheka," alisema Baba Mkubwa Ke.

"Najua."

"Mara tatu. Mbele yangu Bwana hajawahi kumcheka mtu mara tatu mfululizo. Nikajua maana yake saa ile ile. Ni kama kumwuliza baba yako, je, jua limechomoza? Atafanya nini kama si kucheka." Uji ulimdondoka kidevuni, Baoluan akaufuta. "Mama yako mkubwa, mke wangu, alikuwa amezikwa mwezi wa kumi na moja. Nikaangalia ua, majani yamejaa. Nikakuangalia wewe na ufagio wako. Nikasema hataki kukuachia. Na sikusema uongo wote. Kuna mtu hakutaka."

Baoluan aliweka bakuli chini. Alidhani angekasirika. Miaka ishirini na mitano ni mingi, mtu anaweza kukasirikia mmoja mmoja. Badala yake aliona vidole viwili vya mzee, vyembamba, juu ya shuka, akakumbuka ladha ya mwanzi na damu. Hapo ndipo alipojiona amebanwa kweli. Kumchukia asiweze, kumshukuru asitake, na katikati hapakuwa na pa kuweka mguu.

Mzee alipapasa chini ya mto, akatoa vile vibao viwili, vimeng'aa kwa mikono ya watu. "Uliza tena. Safari hii nitasikiliza vizuri."

Alivipokea. Vilikuwa na joto la mto. Akiuliza na Bwana akubali, atakwenda kwa ruhusa, na ruhusa nayo ni fadhila nyingine ya kuvaa shingoni. Akikataa, ndiyo basi. Akicheka, watabaki wawili hawa chumbani wakibishana cheko lina maana gani mpaka mmoja afe.

Akavirudisha mkononi mwa mzee. "Siulizi."

"Basi unakwenda."

"Sijasema."

"Mke wa Xiao ataniletea uji."

"Uji wake ni maji."

"Nitakunywa maji," alisema Baba Mkubwa Ke.

Siku ya kumi na tatu ikapita. Siku ya kumi na nne alifagia ua, akaosha bakuli, akamwona kijana mwenye miwani ameketi kwenye kiti chake kati ya ukuta na nguzo, akijaribu kutoka na kujigonga goti. Basi la buluu lilikuja na kuondoka mara tatu. Hakuna aliyemshika, na hilo ndilo lililomtisha: miguu haikwenda. Alisimama na ufagio akaangalia vumbi lake likitua barabarani.

Siku ya Bwana ilianza kwa fataki na harufu ya nguruwe wa kuchoma. Meza nyekundu iliwekwa katikati ya ukumbi, kati ya madhabahu na mlango, na vijana waliotimiza kumi na sita wakapanga mstari upande wa madhabahu. Mwaka huu walikuwa tisa. Kwenye upande wa mlango alikalishwa Baba Mkubwa Ke na mkasi, kama kila mwaka. Kila anayetoka chini ya meza husema jina lake, mzee hukata uzi, husema, "Mtu mzima ametoka," na watu hugonga matoazi.

Baoluan aliweka ufagio dhidi ya nguzo, akasimama nyuma ya kijana wa tisa.

Mwanzo hawakumwona. Kisha kijana wa nane akageuka. "Shangazi, huku ni kwa kumi na sita."

"Nimechelewa kidogo."

Kicheko kikapita kwenye mstari, kikafika kwa mama zao. Mwenye duka akasema umri huo umempita kama basi. Bwana Xiao alifungua mdomo, akaangalia kwa Baba Mkubwa Ke, ambaye hakuona kitu, akaufunga.

Meza ilitengenezwa kwa watoto. Wale tisa walipita kama panya. Baoluan alipiga magoti, akaingiza kichwa, mabega, na katikati mgongo wake ukagota kwenye ubao wa chini. Akashuka tumbo. Akasogea, na kitu kikamkaba koo. Sarafu yake ilikuwa imeingia kwenye msumari wa ubao, na uzi ukamvuta nyuma kila alipojaribu kwenda mbele. Akakohoa. Juu yake watu walikuwa bado wanacheka, wakidhani ni unene.

"Shangazi, toka au ingia, nguruwe anapoa," mmoja akasema.

"Amekwama," akasema Qiaoyun. Alikuwa ameinama kando ya meza, begi la safari mgongoni, mama yake nyuma yake amenuna. "Baba Mkubwa, uzi umekwama. Nipe mkasi."

"Acha," alisema Baoluan kutoka chini.

Aligeuza shingo kadiri ilivyowezekana. Kule nyuma, kwenye giza la madhabahu, simbamarara alikuwa usawa wake, masikio mbele, mguu umeinuliwa upana wa kidole. Akarudisha uso mlangoni, na wote wawili wakawa wanatazama upande mmoja. Akapeleka mikono kisogoni. Mtu mwingine angelitafuta lile fundo mpaka jioni, lakini lilikuwa lake, alilifunga mwenyewe mwaka jana, na mwaka juzi, na mwaka ule mwingine. Vidole vilijua. Mzunguko mmoja nyuma, mmoja chini, vuta.

Uzi ukabaki umening'inia kwenye msumari. Yeye akatoka upande wa mlango, nywele zimevurugika, shingo ina mstari mweupe pale jua halijawahi kufika.

Vicheko vilikuwa vimekwisha. Baba Mkubwa Ke alinyoosha mkasi mbele, hewani.

"Jina?"

"Zhuang Baoluan."

Mkono wa mzee ulimpapasa shingoni, ukatafuta uzi, haukuupata. Ukakaa pale kidogo, vidole viwili juu ya koo, wala havikubonyeza. Kisha akaushusha mkasi mapajani.

"Mtu mzima ametoka," alisema.

Matoazi yakagongwa, kwa kuchelewa. Baoluan hakungoja nyama. Kwenye ngazi ya chini alimkuta mtoto wa dukani analamba vidole, akamwomba ampigie simu mdogo wake kule Zhangzhou.

"Nimwambie nini, Shangazi?"

Barabarani basi la saa nane lilikuwa limewasha injini, na Qiaoyun ameshapanda.

"Mwambie aondoe gunia kwenye jiko," alisema. "Nakuja."